Mlango wa Rangi ya Ukuta

Mama yangu alihamia kwetu Tunduma baada ya baba kufariki. Alikuja na sanduku la bati, mto wake mwenyewe, na mdogo wangu wa kiume aliyemsindikiza kutoka Ihanda, ambako yeye ndiye aliyebaki kutunza shamba letu la kahawa. Wakati wa kuagana, mdogo wangu alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, mama anasahausahau kidogo. Usishtuke."

Nilishtuka siku ya tatu.

Niieleze nyumba kwanza, maana yote yalitokea ndani yake. Iko hatua chache kutoka barabara kuu, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mimi ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho ninachoshonea. Kinafunguka barabarani, kwenye mlango pekee wa kutokea nje, ili wateja waingie bila kupita kwenye maisha yetu. Nyuma ya chumba hicho kuna sebule, halafu korido yenye vyumba vitatu, choo, na jiko mwishoni. Ukihesabu na ule wa kutoka sebuleni kwenda chumba cha cherehani, ni milango sita ya ndani. Tulipojenga, mimi na mume wangu tuliipaka yote rangi moja ya mafuta, rangi ya ugoro, yenye kung'aa. Niliipenda sana. Kila Jumamosi niliifuta kwa kitambaa chenye maji mpaka ikawa kama imetoka dukani.

Asubuhi hiyo ya tatu nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikasikia mtu analia kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Nikatoka. Mama alikuwa amesimama katikati ya korido, kanga yake imelowa mpaka chini, na kuna maji sakafuni.

"Vyote ni kimoja," akaniambia. "Nimefungua, nimefungua. Vyote ni kimoja."

Alikuwa akitafuta choo. Huyu ni mama aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, akaoga, akabana kanga yake kifuani, ndipo akaenda shamba. Hakuna mtoto wake aliyewahi kumwona hajajitengeneza. Nilimwosha bila kumtazama usoni. Yeye pia hakunitazama.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningezoea. Lakini wiki iliyofuata alianza kukataa kupita koridoni kabisa. Nilimshika mkono ili nimpeleke chumbani kwake, akakaza miguu.

"Mwambie yule mama atoke," akasema.

"Mama yupi, mama?"

"Huyo mlangoni. Ananitazama. Nikienda, na yeye anakuja."

Nikatazama alikoonyesha. Ulikuwa mlango wa chumba chake, umefungwa, hakuna mtu. Lakini nilisisimka mwili mzima, na nikajikuta nimemshika mama mkono kwa nguvu kupita kiasi. Kuanzia siku hiyo, hata mimi nilipopita koridoni nilitembea haraka nikitazama sakafu. Mume wangu ni dereva wa malori ya Lubumbashi, hukaa huko wiki mbili, tatu, na wanangu wameshaoa na kuolewa. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mama na mimi, na huyo wa tatu ambaye ni mama peke yake aliyemwona.

Sikumwambia mtu. Siku moja mteja alikuja kupimwa gauni la kitchen party, na kutoka ndani ikasikika sauti ya mama akigombana kwa Kinyiha, "Ondoka, ondoka hapo, nimekukosea nini?" Mteja alikuwa Mnyiha kama sisi. Akaniuliza, "Bibi anaongea na nani?" Nikasema anaongea na simu. Alijua ninadanganya. Akakunja kitambaa chake akasema atarudi kesho, na kesho hakurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kitu kingine. Kwetu, mwanamke mzee anayeongea na asiyeonekana hasemwi vizuri, na maneno ya namna hiyo nimewahi kuona yanakoishia. Nikaanza kuwasha redio chumba cha mbele kila mteja anapoingia.

Halafu ikaja siku ya lori.

Ilikuwa saa sita mchana, foleni imefika mpaka mbele ya nyumba yetu na kupita. Nilikuwa nimemwacha mteja mmoja akichagua mtindo kwenye picha za ukutani, nikazunguka nje kwenda uani kuongeza mkaa kwenye pasi. Sikuchelewa. Niliporudi, mteja akaniambia akicheka, "Bibi amepita hapa, nimemwamkia, ameitikia vizuri kabisa."

"Amepita kwenda wapi?"

Akaonyesha barabarani.

Niliiacha pasi pale pale juu ya meza. Nje niliona malori tu, kushoto malori, kulia malori. Nikakimbia kufuata mstari nikichungulia kati ya lori na lori, nikiita "Mama! Mama!" na kila mwanamke pale barabarani akigeuka. Nilimkuta kwenye lori la saba au la nane. Alikuwa ameingia katikati, kati ya trela na kichwa cha lori la nyuma, amesimama anapigapiga ubavu wa trela kwa kiganja. Trela hiyo ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama milango yetu.

"Fungueni," alikuwa anasema. "Nimebanwa. Fungueni."

Na lori la nyuma lilikuwa limeshawashwa, kwa sababu foleni ilikuwa inasogea. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Ni mwanamke mmoja wa Kizambia, muuza maji ya chupa, ndiye aliyeniona ninavyotazama, akatazama na yeye, akaanza kupiga bodi ya lori kwa mikono miwili akipayuka kwa Kibemba. Lori likanguruma, likasogea kama hatua mbili, likasimama. Nilipomfikia mama ilibidi tuache kanga yake moja pale, maana ncha yake ilikuwa chini ya gurudumu.

Yule mwanamke alinisaidia kumshika mpaka nyumbani. "Mayo, mayo," yaani mama kwa Kibemba, alikuwa anamwambia njia nzima, kama anambembeleza mtoto. Mimi sikuweza hata kumwambia asante.

Tangu hapo nilifunga kwa ufunguo ule mlango wa sebuleni kwenda chumba cha cherehani. Mama aliugonga siku nzima. Aliugonga mpaka vifundo vya vidole vikavimba, akiuliza amefanya kosa gani hata afungwe. Siku ya pili nilifungua, nikakaa kizingitini na kushona kwa mkono. Huwezi kuishi hivyo.

Nikampeleka Vwawa kwa daktari. Alikuwa mtu mtulivu, alimwamkia mama kwanza, akamuuliza maswali madogomadogo, mwezi gani huu, wajukuu wangapi. Mama alimjibu kwa adabu na karibu yote alikosea. Baadaye daktari akaniambia, "Huu ugonjwa wa kusahau hauna dawa ya kuuondoa, mama. Lakini tengeneza nyumba. Milango yako ni ya rangi gani?"

Niliona ni swali la ajabu. Nikamwambia.

"Badilisha. Ule anaouhitaji, upake rangi itakayomwita. Kila mmoja na rangi yake. Na ule usiotaka apite, upake rangi ile ile ya ukuta wake, mpaka kitasa. Ataupita kama anapita ukuta. Hatagombana nao kwa sababu hatauona."

Nikamuuliza na jingine, lile nililolikwepa njia nzima: "Unarithiwa?"

"Mara nyingine," akasema. "Siyo lazima."

Rangi ni kazi yangu. Nina boksi la nyuzi zaidi ya mia, naweza kukutofautishia damu ya mzee na nyekundu ya matofali gizani. Lakini kwenye hadwea, mbele ya kadi ya rangi ndefu kama mkono, nilisimama nikashindwa. Muuzaji alikuwa anahudumia Wazambia wawili, wakisalimiana "muli shani" huku na huku, akaniuliza, "Mama, unataka kupendezesha chumba gani?" Sikuwa napendezesha. Nilikuwa natafuta rangi ambayo mama yangu angeiona akiwa na hofu. Nikaondoka bila kununua.

Nyumbani nikatoa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi, nikavitandaza mkekani mbele ya mama. Nikaanza kumuuliza kimoja kimoja. Kahawia akasema, "Giza." Nyeusi, "Giza." Zambarau, "Giza." Bluu na kijani kwake vilikuwa kitu kimoja, alivirundika pamoja. Njano aliitaja bila kufikiri, akaivuta akaiweka magotini. Basi, njano ikawa ya choo.

Halafu akafika kwenye kipande chekundu, nyekundu ya buni iliyoiva. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kuchuma, kimoja kimoja, haraka, na kiganja cha kushoto kikakaa chini yake kama kikapu. Alichuma hivyo kwa muda mrefu, uso umetulia. Niliinuka nikaenda jikoni nikalia, nikarudi. Hiyo ikawa ya chumba chake.

Fundi rangi niliyempata alikuwa mtu mzima kutoka Ileje, anayeongea taratibu na kuvuta maneno. Alipoingia alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akasubiri mpaka akaitikiwa. Nikamweleza kazi. Na kwa sababu angekuwa anapita koridoni kutwa nzima, nikaona nimwambie na la yule mwanamke, asije akasikia mwenyewe akakimbia.

Hakucheka. Akaniuliza, "Bibi anasimama wapi akimwona?"

Nikamwonyesha. Akaenda akasimama pale, akainama kidogo ili awe na urefu wa mama, akautazama mlango. Kisha akaniita. "Njoo usimame hapa mama. Usitazame mlango. Tazama ndani ya mlango."

Nikasimama. Ndani ya ile rangi ya kung'aa niliyoifuta kila Jumamosi kulikuwa na mwanamke. Hakuwa na uso. Kulikuwa na kichwa, mabega, na mwanga wa dirisha la jikoni nyuma yake. Nikarudi nyuma hatua moja, na yeye akarudi.

"Ni mafuta haya," fundi akasema. "Yanakuwa kama kioo. Sasa mtu asiyekumbuka kuwa huyo ni yeye..." Hakumaliza. "Nitapiga msasa yote, tuweke rangi isiyong'aa."

Ungedhani niliacha kuogopa. Niliona aibu zaidi kuliko nafuu. Wiki zote zile mama alikuwa ananiambia ukweli, na mimi nilikuwa nawasha redio.

Fundi alifanya kazi siku nne. Choo njano, chumba cha mama nyekundu, chumba changu na cha wageni kijivu chepesi, jiko tukaliacha bila mlango, akaung'oa. Mwisho tukafika kwenye ule wa sebuleni. Ukuta wa sebule ni rangi ya maziwa. Akaupaka mlango rangi ya maziwa, na fremu, na bawaba, na kitasa. Alipomaliza akarudi nyuma mpaka kwenye makochi akautazama, akatikisa kichwa.

"Kazi hii sijawahi kuifanya," akasema. "Watu huniita ili mlango uonekane."

Na ilifanya kazi. Hilo lazima niliseme. Asubuhi ya kwanza mama alitoka chumbani, akatazama huku na huku, akaenda moja kwa moja kwenye njano. Nilimsikia akifunga mlango kwa ndani, nikakaa chini palepale koridoni. Yule mwanamke hakuonekana tena. Na barabarani hakwenda. Mimi nilishona chumba cha mbele, mlango nyuma yangu umefungwa, kwa sababu ukiwa wazi kidogo tu angeuona. Kila baada ya muda niliingia kumtazama. Mume wangu alipiga simu kutoka safarini akasema sasa hata yeye anapata usingizi.

Mdogo wangu alikuja kutoka Ihanda na debe la maharage. Akakaa sebuleni na mama, mimi nikiwa nawahisha nguo ya mteja. Nilipoingia nilimkuta amesimama, uso umebadilika.

"Dada, unajua mama ameniuliza nini? Ameniuliza kwa nini nyumba hii haina mlango."

"Ni ushauri wa daktari."

"Anasema anasikia watu, anasikia magari, lakini haoni wanakopitia. Anadhani amezikwa, dada. Amesema hivyo hivyo, kwa Kinyiha. Amezikwa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hakuwepo siku ya lori, kwamba yeye alinikabidhi mama kwa neno "kidogo" akapanda gari akaondoka, na kwamba akitaka mlango amchukue mama na mlango. Mama alikuwa anatutazama wote wawili kwa zamu, mikono imebana kanga. Mdogo wangu aliondoka bila kunywa chai.

Baada ya hapo nilianza kuona nilichokuwa sijakitazama. Mama alikuwa anatembea sebuleni akigusa kuta. Polepole, viganja vyote viwili, kuanzia kona ya televisheni mpaka kona ya kabati, anarudi. Alipita juu ya mlango wenyewe, juu ya kitasa, na mkono haukusimama.

Siku niliyokuwa naiogopa bila kuijua ilikuwa ya kawaida tu. Niliinjika maharage yale ya Ihanda kwenye jiko la gesi, nikapunguza moto, nikaenda kumalizia sare za kwaya, nguo kumi na mbili. Cherehani ikinguruma mtu husikii kitu. Katikati ya kazi nikasikia mikwaruzo nyuma yangu, kwenye ubao wa mlango. Nikadhani panya. Nikamaliza mkono wa nguo. Mikwaruzo ikaendelea, chini zaidi sasa, karibu na sakafu. Nikasimamisha cherehani ili nisikilize, na hapo ndipo harufu iliponifikia.

Nilifungua mlango, moshi ukanijia usoni. Mama alikuwa sakafuni, amepiga magoti, anapapasa mbao kwa kucha. Mlango ulipofunguka kwangu aliangukia miguuni mwangu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananong'ona jina la mama yake.

Nilimburuta mpaka nje barabarani, jirani wakaingia na ndoo. Maharage yalikuwa yamekauka yakawa mkaa, na taulo nililoliacha karibu na jiko lilikuwa limeshika moto na kuliwasha pazia. Wakauzima. Haikuungua nyumba. Mama alikohoa siku mbili, basi. Watu waliponiuliza imekuwaje, na wengine wakamtazama mama wakidhani ni yeye aliyewasha moto, ilibidi niseme kwa sauti ili wote wasikie, "Siyo yeye. Ni mimi niliyesahau."

Nilisema, na nikasikia nilichosema. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuanza kazi nafungua boksi la nyuzi na kuzitaja. Ugoro. Damu ya mzee. Bluu bahari. Nikikwama kwenye moja, naanza upya tangu mwanzo, hata kama jina linakuja sekunde inayofuata. Mume wangu anasema nilisahau sufuria kwa sababu ya kazi nyingi. Inawezekana. Mimi bado nazitaja.

Fundi alirudi kesho yake. Alitazama alama za kucha kwenye rangi ya maziwa, zilikuwa nyingi, akapitisha kidole juu yake.

"Sasa rangi gani, mama?"

"Yoyote atakayoiona kwenye moshi."

Tulimwita mama mwenyewe. Fundi alikuwa na makopo matatu, akachovya kijiti, akapaka mstari mmoja mmoja kwenye mlango. Mama alionyesha kijani, kile cha jani changa la mgomba. Nikafikiri, kijani na bluu kwake ni kimoja, lakini hakuna kingine cha namna hiyo ndani ya nyumba, kwa hiyo hatauchanganya. Fundi akaupaka. Mlango ule ukawa unapiga makelele hata ukiutazama kutoka mwisho wa korido, na mimi niliupita nikitazama pembeni, kwa maana nilijua unaelekea wapi.

Nilihamisha cherehani nikaiweka mbele ya mlango wa barabarani, ili yeyote anayetoka apite ubavuni mwangu. Mama hutoka. Hutoka mara tano, mara kumi kwa siku. Nikiwa na wateja nao husimama wakisubiri, kwa maana nafunga kazi, namshika mkono, tunakwenda upande usio wa malori mpaka kwenye duka la pili, tunarudi. Injini ikinguruma mahali popote mimi naruka. Yeye haruki. Anawaamkia watu.

Mdogo wangu tulipatana. Alipiga simu siku moja akaniuliza kwa sauti ya mtu anayesoma alichokiandika, "Dada, ile ya choo uliweka njano ya namna gani?" Nikajua anataka kumchukua mama msimu ambao kahawa haina kazi. Nilimpelekea kopo. Sasa mama anakaa kwangu sehemu ya mwaka na kwake sehemu iliyobaki, na yule fundi alikwenda Ihanda akafanya milango ya huko pia.

Sitasema hofu imeisha. Anapokuwa Ihanda naogopa simu. Anapokuwa hapa, kila asubuhi nafika mlangoni kwake kabla hajaamka, naweka sikio kwenye ubao, na siingii mpaka nimsikie anavuta pumzi. Leo nilisimama muda mrefu kuliko kawaida, lori lilikuwa linanguruma nje. Halafu likapita, nikamsikia anakohoa, anahangaika na kanga zake, ananiita. Aliniita kwa jina la dada yake. Nikaitikia, nikaingia.